Ramani Chini ya Nailoni

Meza yetu ya kulia, hapa Pangani, ghorofa ya tatu,
imevaa dunia nzima chini ya nailoni.
Mwadime aliipata ramani Gikomba kwa shilingi hamsini,
imekunjwakunjwa hadi Brazili ina ufa,
na nchi mbili tatu zimebadili jina tangu ichapwe.
Nikasema, basi ikae mezani, ifiche lile kovu la pasi.

Tangu hapo, kila jioni kabla ya kugusa ugali,
Righa hufumba macho, huzungusha kidole hewani,
kisha tua!
Kinapotua ndipo tunapopaombea.
Mongolia tumeiombea mara nne, iko karibu na sahani yake.
Siku moja kilitua baharini, katikati kabisa, pasipo mtu,
Wakio akasema, "Kuna samaki, na samaki ni wa Mungu,
kwa hiyo tuendelee."
Tukaendelea. Sukuma ikapoa.

"Nairobi iko wapi?"
"Hapo penye doa la chai."
"Na sisi?"
"Ndani ya doa."
Aliridhika kuliko nilivyotarajia.

Mimi sikulelewa hivi.
Kwetu Wundanyi, Mungu alikuwa na ua wa michongoma,
lango moja, na kufuli.
Ng'ambo ya ua walikaa "wao",
na wao hawakuwa na majina, wala watoto, wala maumivu ya jino.
Nilitimiza miaka kumi na tisa kabla ya kuonja chakula chao.
Nilikuwa nimejiandaa kwa laana.
Nikakuta pilipili tu.

Sasa, Jumanne moja ya Ramadhani,
Wakio alirudi shuleni na andazi mfukoni, limebondeka,
mafuta yamechora sketi.
"Hibaq wa chini amejaribu kufunga leo, hadi adhuhuri.
Nikaona haya kula mbele yake. Halafu nikasahau."
Nyanya yao, aliyekuja mjini kutibiwa goti,
aliivua miwani polepole, akaniangalia mimi, si mtoto.
"Mwanangu, mnamfundisha huyu njia ngapi?"
Sauti haikuwa kali.
Ingekuwa kali ningejua la kujibu.
Nilitaka kusema, Mama, aya yake ya Jumapili anaijua,
haruki hata mkato.
Nikamenya vitunguu.

Maji yetu hufunguliwa Jumanne, saa tano usiku.
Nilisimama bafuni na ndoo saba na mpira,
nyumba nzima imelala, na swali la mama limekaa begani.
Nikasema, si sala hasa, ni manung'uniko yenye anwani:
Bwana, nikiwafungulia madirisha, wataukumbuka mlango?
Hakunijibu.
Mfereji ukakohoa, ukadondosha kama uzi, ukakata.
Ndoo ya kwanza haikufika nusu.

Nikakaa ukingoni mwa beseni, nikahesabu nguo za shule.
Ndipo sauti ikapanda kwenye ngazi, ya Mama Hibaq,
ya mtu ambaye bado ana vyombo vya kuosha kabla ya daku:
"Mama Wakio! Nimefunga wa kwangu.
Jaribu sasa, yatapanda!"
Yakapanda.
Yalikuja kwa kishindo, na hewa, na kutu kidogo,
yakajaza saba, na sufuria, na birika.
Nilipogeuka, mama yangu alikuwa mlangoni na leso yake,
goti lake limeegemea fremu.
Sijui alikuwa amesimama tangu lini.
Alichukua birika, akaenda zake.

Kesho yake jioni, Righa aliinua kidole,
na nyanya akakishika hewani.
"Leo zamu yangu. Yule mtoto wa chini yuko wapi hapa?"
"Ndani ya doa, nyanya. Tumebanana."
Akaweka kiganja chote juu ya doa,
akaomba kwa Kidawida, kirefu, kwa majina,
mengine sijayasikia tangu nikiwa na meno ya utoto.
Righa akafumbua jicho moja
kuhakikisha hakuna aliyegusa omena wake.